Nazi, Nanasi na Kodi: Historia ya Piña Colada

Katika mtaa wa Fortaleza, San Juan ya zamani, Puerto Rico, kuna mkahawa wenye kibao kinachowatangazia wapita njia kwamba piña colada ilibuniwa ndani ya nyumba hiyo mwaka 1963. Upande wa pili wa mji, ufukweni, kuna hoteli inayosema ilibuniwa kwake mwaka 1954. Na ndani ya hoteli hiyohiyo wamepata kuwako wahudumu wa baa wawili, kila mmoja akidai sifa ni yake.

Ugomvi huu umesimuliwa mara nyingi, na watalii wanaupenda. Lakini wanaogombania kinywaji hiki humsahau mtu muhimu kuliko wote, yaani mlipa kodi. Piña colada haikubuniwa na mvivu aliyejinyoosha chini ya mnazi. Ilihitaji sheria ya kodi, vita vya dunia, mkebe uliotokana na juhudi za mhadhiri wa chuo kikuu, na hoteli iliyojengwa na serikali. Ramu, nanasi na nazi vilikuwepo Puerto Rico kwa karne kadhaa, na havikukaa pamoja katika bilauri moja mpaka mambo hayo yalipotimia.

Miwa, nanasi, nazi: 1493–1600

Kati ya viungo vyake vikuu, nanasi peke yake ndilo mwenyeji. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na watu wa asili walikwisha kulieneza visiwani kabla ya meli za Hispania kufika. Columbus na mabaharia wake walilikuta Guadeloupe mwezi Novemba 1493, katika safari yake ya pili. Tarehe 19 ya mwezi huohuo wakafika kisiwa ambacho wakazi wake Wataino walikiita Borikén, ndicho Puerto Rico ya leo. Shehena ya safari hiyo ilikuwa na miche ya miwa kutoka Visiwa vya Kanari. Miwa nayo ilikuwa imetembea sana: ilianzia New Guinea, ikapitia Bara Hindi na Uajemi, Waarabu wakaifikisha Mediterania, na Wareno na Wahispania wakaivusha hadi visiwa vya Atlantiki.

Nazi ilichelewa kufika, na habari yake inatuhusu sisi wa pwani ya Afrika Mashariki. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulibainisha kuwa minazi ya dunia ina koo kuu mbili, wa Pasifiki na wa Bahari ya Hindi, na kwamba minazi ya upande wa Atlantiki ni ya ukoo huu wa pili. Walioibeba ni Wareno. Kabla ya Vasco da Gama kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kutia nanga Malindi mwaka 1498, Afrika Magharibi haikuwa na mnazi, wala Karibi. Baada ya hapo nazi za Bahari ya Hindi ziliotesha minazi Cape Verde, na kutoka huko zikavuka bahari. Taarifa ya serikali iliyoandikwa Puerto Rico mwaka 1582 inamtaja padri wa Cape Verde, Diego Lorenzo, kuwa ndiye aliyeleta kisiwani mnazi pamoja na kanga. Mnazi wa San Juan na mnazi wa Malindi, basi, ni watu wa nasaba moja.

Ramu nzito na ramu nyepesi: karne ya 17 hadi 1898

Ramu ni pombe ya mabaki. Maji ya miwa yakishachemshwa na sukari kutolewa, hubaki molasi, uji mweusi mzito ambao wenye mashamba wa kwanza hawakujua waufanyie nini. Katika karne ya 17, Barbados ikiwa mbele, ulianza kuchachushwa na kukenekwa. Kazi hiyo, tangu kufyeka miwa mpaka kuchochea moto, ilifanywa na Waafrika waliotekwa na kuuzwa utumwani. Ramu ikawa bidhaa, na kwenye pwani za Afrika Magharibi ikatumika kununulia watumwa wengine.

Puerto Rico ilikuwa nyuma. Kwa Hispania kisiwa hicho kilikuwa ngome kwanza, shamba baadaye. Tena katika karne ya 18 wafalme wa Hispania walipiga marufuku pombe ya miwa katika makoloni yao ili mvinyo na brandi za kwao zipate soko. Watu wakaendelea kukeneka porini. Pombe hiyo ya kificho ipo hadi leo na inaitwa pitorro. Anayeijua gongo au chang'aa hahitaji maelezo zaidi.

Mambo yaligeuka baada ya watumwa wa Haiti kuwashinda mabwana zao na kujitangazia uhuru mwaka 1804. Dunia ilikuwa imepoteza koloni lake kubwa la sukari, na Hispania ikaona nafasi. Amri ya kifalme ya mwaka 1815 iliwakaribisha Puerto Rico walowezi wenye mtaji na watumwa, na mashamba ya miwa yakaenea Ponce, Guayama na Mayagüez. Utumwa haukufutwa kisiwani hadi tarehe 22 Machi 1873. Wakati huo Juan Serrallés alikwisha kuanza kukeneka ramu katika shamba la Mercedita huko Ponce, kazi aliyoianza mwaka 1865.

Lakini ramu inayotuhusu ilitoka kisiwa jirani. Mwaka 1862, mjini Santiago de Cuba, mfanyabiashara mzaliwa wa Catalonia, Facundo Bacardí Massó, alinunua kiwanda kidogo akaanza kutengeneza ramu ya aina nyingine. Aliichuja kwa mkaa, akaikomaza katika mapipa ya mwaloni, ikatoka laini na nyepesi. Mitambo ya minara, iliyopewa hataza Ireland karibu mwaka 1830 kwa jina la Aeneas Coffey, ilirahisisha kupata pombe safi kwa wingi, na staili hii ikaenea Kuba na Puerto Rico. Ramu ya kizamani ilikuwa na harufu kali ya molasi iliyofunika kila kilichochanganywa nayo. Hii mpya ilikubali kukaa nyuma ya tunda. Bila hiyo, piña colada ingekuwa ramu yenye uji wa nazi.

Nazi yashinda chupa: 1898–1933

Marekani iliichukua Puerto Rico mwaka 1898 baada ya kuishinda Hispania vitani. Makampuni makubwa ya sukari yakaingia, wakulima wadogo wakawa vibarua. Kisha ikaja Sheria ya Jones ya tarehe 2 Machi 1917, na katika historia yetu sheria hiyo ina mambo mawili ya kukumbukwa.

La kwanza ni la kuchekesha. Sheria iliwaachia wananchi waamue wenyewe kwa kura kama pombe ipigwe marufuku. Kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma, kila upande ulipewa alama. Waliotaka pombe iendelee walipewa chupa. Waliotaka marufuku walipewa nazi, maana dafu ndilo kinywaji cha mtu asiyelewa. Kura zilipopigwa mwezi Julai 1917 nazi iliishinda chupa vibaya, na Puerto Rico ikawa kavu mwaka 1918, kabla hata ya Marekani bara kufunga baa zake mwaka 1920. Wanasiasa wa nazi hawakuweza kujua kwamba baada ya miaka 37 wapinzani hao wangepatanishwa kwenye kaunta ya hoteli.

La pili lilipita bila kelele. Kifungu cha sheria hiyohiyo kilisema ushuru unaotozwa na Marekani kwa bidhaa zinazotengenezwa Puerto Rico na kuuzwa bara urudishwe katika hazina ya kisiwa. Kwa kuwa pombe ilikuwa haramu, kifungu hicho kilikaa usingizini. Marufuku yalipoondolewa mwaka 1933 kikaamka.

Vita vinavyojenga hoteli: 1936–1949

Bacardí walifungua kiwanda Puerto Rico mwaka 1936 ili waiuzie Marekani bila kulipa ushuru wa forodha uliotozwa ramu ya Kuba. Serrallés nao walikuwa tayari. Kisha vita vikuu vya pili vikaja, na viwanda vya wiski vya Marekani vikaamriwa kutengeneza alkoholi ya viwandani kwa ajili ya baruti na mpira bandia. Wiski ikaadimika. Wanywaji wa New York na Chicago, ambao zamani wasingeigusa ramu, wakainunua kwa sababu ndiyo iliyopatikana. Kila katoni iliyouzwa ilitozwa ushuru, na ushuru ukarudi San Juan. Mamilioni ya dola yakamiminika katika hazina ya kisiwa kilichokuwa kikihesabiwa miongoni mwa sehemu maskini kabisa za Karibi.

Swali likawa: fedha hizi zifanye nini? Gavana alikuwa Rexford Tugwell, mchumi aliyekuwa mshauri wa Rais Roosevelt; kiongozi wa baraza la seneti alikuwa Luis Muñoz Marín. Mwaka 1942 waliunda shirika la maendeleo ya viwanda, ambalo watu waliliita Fomento, likiongozwa na kijana mfamasia kutoka Ponce, Teodoro Moscoso. Viwanda vyake vya mwanzo vinaonyesha fedha ilikotoka: kimoja cha chupa za kioo na kingine cha makaratasi ya maboksi, chupa na maboksi ambayo wenye ramu walikuwa wakiyahitaji.

Vita vilipokwisha wiski ikarudi, na mauzo ya ramu yakaporomoka. Moscoso akaona kisiwa hakiwezi kutegemea pombe na viwanda tu, kinahitaji watalii. Akaziandikia kampuni kadhaa za hoteli za Marekani akipendekeza serikali ijenge hoteli na kampuni iiendeshe. Conrad Hilton, aliyekulia New Mexico na kukijua Kihispania, alijibu kwa Kihispania, na inasemwa kwamba hilo pekee lilitosha kumpa kazi. Hoteli ya Caribe Hilton, iliyochorwa na wasanifu wa hapohapo Toro, Ferrer na Torregrosa, ilifunguliwa Desemba 1949 ikiwa na vyumba 300. Jengo lilikuwa mali ya Fomento. Hilton alikuwa mpangaji, na theluthi mbili ya faida ya uendeshaji ilikwenda serikalini. Mpango wa namna hii ulisafiri duniani. Wakenya wanaoikumbuka Hilton ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1969 na kufungwa mwishoni mwa 2022, watakumbuka kuwa serikali yao nayo ilikuwa na hisa mle.

Kwa hiyo hoteli inayojivunia kuizaa piña colada ilijengwa na shirika lililolelewa kwa fedha za ramu. Hili silioni katika vitabu vya mapishi, nami naliona ndilo kiini cha mambo yote.

Mkebe wa López

Aliyewahi kukalia mbuzi akakuna nazi tano za pilau la harusi anajua kwa nini baa hazikuwa na haraka ya kutumia tui. Ni kazi ya mikono na kifumbu, tena tui haliwekeki. Wapishi wa Puerto Rico walivumilia adha hiyo kwa ajili ya vitamu vyao kama tembleque na wali mtamu wa nazi, lakini mhudumu wa baa mwenye wateja 40 asingeweza.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, Ramón López Irizarry, mhadhiri wa kilimo katika Chuo Kikuu cha Puerto Rico, alikuwa akitafuta njia ya kulikamua tui zito kwa mashine na kulichanganya na sukari ya miwa ili lisiharibike. Serikali ilikuwa ikitoa fedha kwa yeyote mwenye wazo la kuanzisha kiwanda, naye akawa mmoja wa waliosaidiwa. Alipofaulu aliacha ualimu akaingia biashara. Bidhaa yake, krimu tamu ya nazi ndani ya mkebe, aliiita Coco López.

Wadai: 1922–1963

Sasa turudi kwenye ugomvi. Mdai wa zamani kuliko wote ni maiti. Inasimuliwa kwamba haramia Roberto Cofresí, aliyeuawa kwa risasi San Juan mwezi Machi 1825, aliwapa mabaharia wake ramu, nazi na nanasi ili kuwatia moyo, akafa na siri yake. Hadithi tamu, haina ushahidi. Ramu ya enzi zake isingetoa kinywaji tunachokijua.

Ushahidi wa maandishi unatupeleka Kuba. Huko piña colada lilikuwa jina la juisi baridi ya nanasi iliyochujwa, ambayo hata mtoto alikunywa. Jarida la Marekani la Travel liliandika mwaka 1922 kuhusu piña colada ya Kuba yenye ramu, nanasi, ndimu na sukari, bila nazi. Kisha tarehe 16 Aprili 1950 gazeti la New York Times, katika makala ya vinywaji vya visiwani, liliitaja piña colada ya Kuba kuwa ni ramu, nanasi na tui la nazi. Hiyo ni miaka minne kabla ya tarehe ya hoteli. Wapuerto Rico hawapendi kukumbushwa hilo.

Ndani ya Caribe Hilton, mdai mkuu ni Ramón Marrero, aliyejulikana kwa jina la Monchito. Uongozi ulimtaka atengeneze kinywaji cha kuitambulisha hoteli. Inasemwa alihangaika kwa miezi mitatu, na mwezi Agosti 1954 akakitoa. Aliendelea kukitengeneza katika hoteli hiyo kwa miaka 35 hivi. Mwenzake Ricardo Gracia, Mhispania, alikuwa na hadithi nyingine: wakata nazi waligoma, kinywaji cha hoteli kilichokuwa kikitiwa ndani ya nazi kikakosa chombo, naye akakimimina ndani ya nanasi lililochimbwa. Na mkahawa wa Barrachina, wenye kile kibao, unamtaja Ramón Portas Mingot na mwaka 1963.

Mimi nampa Monchito ushindi, kwa sharti. Jina alilikuta. Ramu na nanasi alivikuta. Hata nazi, tukiliamini gazeti, Wakuba walikwisha kuiongeza. Alichofanya yeye ni kuuchukua mkebe wa López, kitu ambacho Kuba hawakuwa nacho, na kuweka vipimo ambavyo mtu mwingine angeweza kuvirudia kesho na keshokutwa. Mgomo wa Gracia unanivutia, lakini unaeleza chombo tu. Barrachina walikuja wakati kinywaji kimekwisha kuzoeleka mjini.

Namna ya kuitengeneza

Kipimo ambacho hoteli inakihusisha na Monchito ni mililita 60 za ramu nyeupe, 30 za krimu tamu ya nazi, 30 za krimu ya maziwa, 180 za juisi mbichi ya nanasi, na nusu kikombe cha barafu iliyopondwa. Vyote husagwa kwa sekunde 15 hivi na kumiminwa katika bilauri ndefu, kipande cha nanasi na cheri juu. Chama cha kimataifa cha wahudumu wa baa kimekubali kipimo kifupi zaidi: ramu mililita 50, krimu ya nazi 30, juisi ya nanasi 50, bila maziwa. Mimi napendelea hiki cha pili, pamoja na matone ya ndimu ya kukata utamu.

Blenda ndiyo inayofanya kazi ngumu. Mafuta ya nazi hayapendi maji wala baridi; ukitikisa kwa mkono hujitenga na kuelea vipandevipande. Visu vya blenda huyavunja yakawa chembe ndogo zinazoshikwa na barafu, na ndiyo maana kinywaji hiki kilisambaa pamoja na mashine hiyo, iliyoingia baa za Marekani na Karibi tangu mwishoni mwa miaka ya 1930.

Usiwe na shaka ukikosa mkebe. Kuna nazi kavu, kamua tui la kwanza bila kuongeza maji mengi, litie sukari uzito sawa na lenyewe na chumvi kidogo sana. Lipashe kwa moto mdogo ukikoroga mpaka sukari iyeyuke. Lisichemke, litakatika. Likipoa liweke kwenye friji. Na asiyetumia kilevi aiache ramu bila kuona amepunjwa: piña colada ya kwanza huko Kuba haikuwa nayo.

Kutoka Havana hadi San Juan: 1959 na baadaye

Hadi miaka ya 1950 Mmarekani aliyetaka jua, ramu na muziki alikwenda Havana. Mapinduzi ya Fidel Castro ya mwaka 1959 yalifunga mlango huo. Mali ya Bacardí nchini Kuba ilitaifishwa Oktoba 1960, lakini familia ilikwisha kufungua kiwanda kikubwa Cataño, ng'ambo ya ghuba ya San Juan. Watalii waliokuwa wa Kuba wakawa wa Puerto Rico, wakirudi kwao na ladha ya nazi na nanasi mdomoni.

Mwaka 1978 serikali ya kisiwa iliitangaza piña colada kuwa kinywaji rasmi cha Puerto Rico. Mwaka uliofuata ikapata tangazo ambalo hakuna serikali ingeweza kulinunua. Mwanamuziki Rupert Holmes alikuwa na wimbo uliomtaja mwigizaji Humphrey Bogart; dakika za mwisho akabadili maneno akaweka piña colada, na wimbo huo ukamaliza mwaka 1979 ukiwa namba moja Marekani. Umaarufu ukaleta uharibifu wake. Baa zikaanza kutumia unga na sharubati za chupa zisizojua nazi wala nanasi, kikawa kinywaji cha kuchekwa. Wahudumu wa baa wa kizazi kipya ndio waliorudisha juisi mbichi na ramu yenye ladha.

Kisiwani kwenyewe mashamba yalizidi kufifia. Viwanda vya mwisho vya sukari vilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na molasi inayokenekwa sasa huagizwa kutoka nje. Kimbunga Maria kiliipiga Caribe Hilton Septemba 2017. Ilifunguliwa tena Mei 2019.

Kifungu cha kodi bado kinafanya kazi, na bado kinaamua mambo. Visiwa vya Virgin vya Marekani vina haki kama hiyo, na mwaka 2008 serikali yao iliikubalia kampuni ya Diageo sehemu kubwa ya ushuru unaorudishwa, ikiwa itahamishia St. Croix utengenezaji wa ramu ya Captain Morgan. Kampuni ikahama, na Puerto Rico ikapoteza mapato hayo. Walioikeneka ramu hiyo Ponce kwa mkataba walikuwa Serrallés. Wamebaki na Don Q yao, chapa ya mwaka 1932, inayopendwa na Wapuerto Rico kuliko ramu nyingine. Ukifika San Juan, na kama unakunywa, omba piña colada yako itiwe hiyo.